Uso Niliousalimisha Kajiado

Baba alipopooza upande wa kulia, nilimtoa Kajiado nikamleta kwangu Kitengela, yeye na sanduku lake la bati. Nilikuwa nikipanga nguo zake nilipopata medali, imefungwa ndani ya fulana kuukuu. Ilikuwa ya mviringo, rangi ya siagi, kubwa kama mfuniko wa kopo la majani chai. Juu yake palichongwa mfalme wa Uingereza akitazama upande, kila unywele mahali pake.

"Niliichonga mimi," baba akasema kutoka kitandani. Maneno yalimtoka polepole siku hizo. "Mzungu mwenye karakana alinipa pembe na shilingi yenye kichwa cha mfalme, ya kuangalizia. Akarudi kwao kabla sijamaliza."

Mimi nilimjua baba kama fundi wa milango na viti. Sikuwa nimefikiria kwamba mikono ile iliwahi kufanya kazi laini hivyo.

Nilimwonyesha jirani yangu, karani mstaafu wa mahakama, nikitarajia aisifie. Alikataa hata kuishika.

"Mama, hii ni pembe ya ndovu. Kukaa nayo tu ni kosa. Uko na kibali?"

Kibali ningekitoa wapi? Wiki nzima niliificha kwenye ndoo ya unga, na kila gari liliposimama langoni nilikimbilia dirishani kuchungulia. Hata picha sikupiga, nikiogopa itakutwa kwenye simu yangu. Mwishowe nikamweleza baba. Aligeuza uso ukutani.

"Peleka," akasema.

Afisa wa wanyamapori kule Kajiado alikuwa mpole. Aliiweka kwenye mizani, akaandika uzito, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kubandika karatasi.

"Asante, mama, kwa kuileta mwenyewe."

"Itafanywa nini?"

"Itakaa stoo na zingine. Pengine siku moja zitachomwa."

Hakuwa ameigeuza kuona upande wenye uso.

Nilirudi nyumbani nikamwomba baba msamaha.

"Ile shilingi ilikuwa imelika," akasema. "Pua haikuonekana, wala kidevu. Nikachonga pua na kidevu vya baba yangu."

Niliketi pembeni mwa kitanda. Babu alikufa bila kupigwa picha hata moja. Nimekua nikisikia habari zake, ng'ombe wake, hasira zake, bila kujua alifanana na nani.

"Baba, mbona hukuniambia mapema?"

"Ungeacha kuipeleka?"

Nilichukua daftari, nikamwekea penseli katika mkono wa kushoto, nikamsihi ajaribu kumchora. Alianza na paji la uso. Mstari ukateremka vizuri kidogo, kisha ukatetemeka na kukimbilia ukingo wa karatasi. Akajaribu tena, mara tatu. Aliiacha penseli ianguke sakafuni, na sikuiokota.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Baada ya mazishi nilirudi kwenye ile ofisi, nikaomba niione tu, dakika moja, nisiiguse. Nilimkuta afisa mwingine. Alifungua kitabu, akapitisha kidole chini ya ukurasa, akaniambia kila kitu kilichokuwa stoo kilikuwa kimeshapelekwa Nairobi.