Taa Zinazokata Kona

Edmund Ndunguru alikuwa dereva tangu ujanani. Alianza na malori ya watu, akibeba kahawa kutoka milimani, na baadaye akanunua pikapu yake mwenyewe. Asubuhi alipakia akina mama wa soko la samaki hapa Mbinga mjini, akawashusha Lituhi, ziwani, na jioni akawarudisha na magunia ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Walisema wakipanda gari la Edmund wanasinzia safari nzima, na kwa barabara ile ya kona nyingi inayopitia Kitai hiyo ilikuwa sifa kubwa. Nyumbani kwake ni Luhuwiko, hapa hapa mjini, jirani na sisi. Yeye na mkewe Luisa walikuwa na shamba la kahawa Namswea, na binti yao mmoja, Benadetha, ameolewa Songea.

Malalamiko yake yalianza na malori ya makaa ya mawe. Alisema madereva wa siku hizi wamefunga taa zinazochoma, ukipishana nao unabaki kama umemwagiwa maji usoni. Kisha akaanza kuilaumu pikapu yake. Taa zake zina mwanga wa njano kama kibatari, alisema, hazifiki popote. Jioni moja karibu na Kitai alimkosakosa mwendesha baiskeli aliyekuwa amebeba mkaa. Edmund alishuka, akamwomba radhi, na akamnunulia soda dukani.

Luisa alikuwamo kwenye gari siku hiyo. Walipofika nyumbani alimwambia, "Baba Bena, wataalamu wa macho wanakuja parokiani wiki ijayo. Twende wakupime."

"Macho yangu yana nini?" Edmund akachukua misale, kitabu cha misa, mezani, akaifungua popote, akamsomea zile herufi ndogo za chini ya ukurasa, neno kwa neno, bila miwani. "Wewe unaweza?"

Luisa hakuweza. Yeye ndiye aliyekuwa na miwani.

"Basi. Shida ni taa."

Ikawa hivyo. Alphonce, mdogo wake Luisa, alikuwa na kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika kule Songea. Edmund alipomweleza shida yake, Alphonce akampeleka kwenye gari moja refu la kijivu lililotoka Japani, akaliingiza kwenye banda lenye giza na kuwasha taa.

"Shemeji, hizi si taa za kawaida," alisema. "Ona hapa nyuma ya kioo, kuna kamera. Inatazama barabara pamoja na wewe. Ukikata kona, taa zinakata nawe. Unawasha fulu, mwanga wa mbali, huzimi tena. Gari likija mbele, zinajifunika pale tu lilipo hilo gari, kwingine kote kunabaki kweupe. Humuumizi mtu."

"Zikiharibika?"

"Haziharibiki hovyo. Hazina balbu hizi za kuungua."

Gari lile lilikuwa na bei ya juu kuliko mengine ya aina yake, na Alphonce hakuficha kwamba tofauti ilikuwa taa. Edmund aliuza pikapu, akauza na kiwanja cha Kigonsera walichokuwa wamemwekea Benadetha. Luisa hakukipenda kitendo hicho. "Kiwanja kizima kwa ajili ya taa?" aliuliza. Edmund akamjibu kwamba kiwanja hakitamrudisha nyumbani salama.

Safari ya kwanza ya jioni, Luisa alikaa mbele makusudi, aone mumewe ameuziwa nini. Walitoka Lituhi jua likiwa limeshazama nyuma ya milima ya Malawi, na kwenye zile kona za kupanda kutoka ziwani giza lilikuwa limeanza kuingia. Edmund alipozungusha usukani, mwanga uliteleza pembeni kabla ya gari lenyewe kugeuka, ukamkuta mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, kando kabisa ya barabara, ambaye kwa pikapu wasingemwona. Mbele zaidi lori la makaa likatokea. Luisa akaona kipande cha mwanga kikimezwa pale pale lilipo lori, kama mtu amelifunika kwa kiganja, na kingo za barabara zikabaki zinaonekana mpaka majani. Dereva wa lori hata hakupiga honi.

"Unaona?" Edmund alisema. Alikuwa anatabasamu kama kijana.

"Naona," Luisa akakiri. Tangu siku hiyo hakutaja tena kiwanja, wala wataalamu wa macho.

Mwaka mzima ulipita vizuri. Ukungu tu ndio ulioshinda zile taa. Huku milimani ukitanda, mwanga mkali hurudi usoni kwa dereva, na Edmund alisubiri upungue kama wanavyosubiri wengine. Siku nyingine zote alirudi mapema, ametulia, na akina mama walisinzia kama zamani.

Kilichobadilika ni mchana. Ukimsalimia Edmund kutoka upande, haitikii. Mzee Sixbert, anayekaa nyumba ya tatu, alimpita kanisani bega kwa bega, na Edmund akatazama mbele tu. Watu wakasema gari limempandisha kichwa. Kule Namswea alikanyaga kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka, akapita katikati yake na viatu, Luisa akapiga kelele. Mlangoni kwake aligonga bega kwenye fremu mara kwa mara, akacheka na kusema nyumba imekuwa ndogo. Luisa alifikiri ni uchovu. Sisi tulifikiri ni majivuno. Mtu anayeendesha gari namna ile jioni, nani angefikiri haoni mchana?

Kisha lori lililowatangulia likarusha jiwe, likapiga taa ya kushoto. Ulikuwa ufa mdogo tu. Edmund aliubandika gundi, lakini masika yalikuwa yameanza, na maji yakaingia. Asubuhi moja dashibodi ikawaka maandishi ya Kijapani na alama nyekundu. Jioni, taa zote mbili, hata ile nzima, zilikuwa zimeinama chini na kukaa palepale. Hazikukata kona tena.

Alilipeleka gari kwa fundi Kilian, mwenye gereji karibu na stendi, ambaye alikuwa amemtengenezea pikapu miaka yote. Kilian aliikagua taa kwa muda mrefu.

"Mzee, hii huwezi kuibadilisha balbu. Imefungwa yote, kama yai. Ndani kuna kompyuta yake na vinjini vidogo vya kuigeuza. Maji yameua vyote."

"Niagizie nyingine."

"Mpya, utauza kahawa ya msimu mzima na bado haitatosha. Tujaribu ya mtumba kutoka Dar."

Ya mtumba ikaja kwa basi, imefungwa kwenye godoro. Kilian akaifunga vizuri, kila sikio la kufungia mahali pake. Gari likaikataa. Taa iliwaka kidogo, ikazima, alama nyekundu ikarudi. Kilian akampigia fundi wa Songea, wa Songea akampigia wa Dar. Jibu likarudi kwamba gari linaitambua taa yake ya zamani tu. Mpaka lipelekwe Dar, kwenye mashine ya kulifundisha kuipokea hii, na hata huko hawana uhakika. Edmund alikaa kwenye tairi kuukuu pale gereji, mikono katikati ya magoti.

"Kwa hiyo tufanyeje, Kilian?"

"Mzee wangu, sijui. Nikufungie taa za kawaida tu pale mbele. Zitaonyesha barabara vizuri, kama za watu wengine wote."

Akamfungia. Na kweli zilikuwa taa nzuri, nyeupe, zenye nguvu.

Jumamosi iliyofuata Edmund alikwenda Lituhi. Luisa alikuwamo, amekaa mbele, na nyuma walikuwa Dorothy na Hedwiga, wafanyabiashara wa usipa. Walichelewa kidogo kwa sababu ya mvua. Kabla ya kufika Kitai mwanga wa jua ukaisha, Edmund akawasha taa. Akapunguza mwendo. Akapunguza tena. Pikipiki zikawapita. Halafu akasimama katikati ya barabara, injini ikiunguruma.

"Kuna nini?" Luisa aliuliza.

Edmund alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. "Mama Bena, barabara imeishia wapi?"

Luisa akatazama mbele. Barabara ilikuwa pale, nyekundu, imelowa, na mtaro kushoto, na mtaro kulia, na kibao cha kijiji, na mbuzi wawili wamelala chini ya kibao. Taa za Kilian zilikuwa zinaonyesha vyote.

"Haijaisha," alisema. "Mimi naiona yote."

Dorothy, nyuma, aliacha kuhesabu rozari aliyokuwa ameianza. Edmund aligeuza kichwa polepole kwenda kushoto, kisha kulia, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Naona kijitundu tu pale katikati," alisema. "Pembeni hakuna kitu. Nilidhani ni taa."

Katika wanne wale hakuna mwingine aliyejua kuendesha. Waliwasha taa za hatari, wakakaa humo ndani, wakisikiliza maji yakipita mtaroni. Mwishowe lori la makaa likasimama nyuma yao, na utingo wake, kijana aitwaye Florian, akakubali kuwaendeshea gari lao hadi Mbinga. Edmund alihamia kiti cha nyuma, katikati ya akina mama na magunia yao, akashika mfuko wa Hedwiga mapajani kama abiria.

Benadetha ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari wa macho alikuwa dada kijana, Daktari Devotha, mpole. Alimpima kwa vifaa mbalimbali, akamwambia aangalie nukta na kubonyeza kila aonapo mwanga pembeni. Edmund alibonyeza mara chache sana.

"Baba, hii ni presha ya macho," daktari alisema. "Inakula pembeni kwanza, taratibu, bila maumivu. Katikati inabaki nzima mpaka mwisho, ndiyo maana bado unasoma. Nitakupa dawa ya matone. Itajaribu kulinda kilichobaki."

"Na kilichokwenda?"

"Hicho hakirudi."

Edmund akafikiri. "Zile taa za gari ndizo zilizoniumiza?"

"Hapana, baba. Zilikuwa zinakusaidia. Zilikumulikia pembeni ambako macho yako yalikuwa yameshachoka. Bila hizo ungepata shida mapema zaidi, ungekuja mapema zaidi."

"Ungeniponya?"

Daktari alitazama karatasi yake. "Ningekukuta na mengi zaidi ya kulinda."

"Nikizirudisha zile taa? Nikilipeleka gari Dar wakalifundisha?"

"Usiendeshe tena, baba. Kwa taa yoyote."

Luisa, aliyekaa kando ya ukuta, aliinua mkono kama mwanafunzi, kisha akaushusha. Alikuwa anataka kuuliza kuhusu wale wataalamu waliokuja parokiani, kama wangeuona ugonjwa ule. Aliona hakuna faida ya kujua.

Gari lipo uani, limefunikwa turubai. Wanunuzi wawili walikuja. Waliposikia habari ya taa waliondoka. Alphonce alikuja kutoka Songea, akaomba msamaha ambao hakuna aliyemdai, akalia kidogo, akapewa chakula. Akina mama wa usipa wanasafiri na dereva mwingine.

Msimu huu wa kahawa Edmund alikwenda Namswea kuchuma na mkewe. Alisimama mbele ya mche wa mbuni, akachuma kwa makini zile punje nyekundu zilizokuwa mbele ya macho yake, akaacha mbichi, kama inavyotakiwa. Kisha akahamia mbuni unaofuata. Matawi ya pembeni yalibaki yamejaa. Luisa alikuja nyuma yake na ndoo yake, akichuma zilizobaki, taratibu, moja moja, ili Edmund asizisikie zikianguka ndani.

"Wewe uko mstari gani?" Edmund aliuliza bila kugeuka.

"Huu wa chini," Luisa alisema.

Edmund aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchuma.