Mtori wa Kizunguzungu

Jamani, leo nimepongezwa kwa mimba nisiyokuwa nayo.

Daktari aliniambia niandike kila kizunguzungu kinaponipata. Nikaandika kwenye shajara yangu: asubuhi, nikiinuka ghafla kitandani. Ni presha inashuka, basi.

Wifi yangu akaisoma kwa siri.

Mchana mama mkwe akafika kutoka Akheri na sufuria ya mtori, supu ya ndizi ya wazazi (kama vile nimeshajifungua!), machozi ya furaha yakimtoka. Miaka sita anasubiri mjukuu.

"Shikamoo mama. Ni presha tu."

Akamgeukia wifi. "Si ulisema?"

"Kizunguzungu cha asubuhi ni nini kingine?" wifi akajibu, bila aibu.

Mama akafunika sufuria taratibu.

Nyie mngemwambia nini huyo wifi?

Mimi nimeandika tu shajarani: leo kizunguzungu kimenipata mara moja, nikiwa nimeketi mbele ya wifi.