Mawe ya Katonga Yalivyopanda Mlima

Nakumbuka asubuhi moja pale Katonga, ufukweni kwetu Kigoma, mwanangu, ukiwa bado mgongoni kwangu, nilipotazama majini nikayaona mawe yetu yamejipanga vilevile tulivyoyaacha. Ziwa lilikuwa limetulia kama limelala. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba nililitambua jiwe langu kwa ufa wake. Nikaingiwa na hofu ile ya kanisani. Kitu kikubwa namna ile kilikuwa kimesogea mpaka miguuni petu, na hakuna aliyekisikia kikija.

Ujue desturi yetu. Mwanamke anayeanika dagaa ana sehemu yake mchangani, ameirithi kwa mama au mkwe, na ameiwekea jiwe. Ukiiacha, mwenzako anaichukua, na hapo umekwisha, maana mitumbwi ikishusha dagaa anauziwa kwanza mwenye pa kuanika. Kwa hiyo ziwa lilipopanda hatukuondoka. Tuliinua chanja za kuanikia, tukaongeza miti, tukaanika tukiwa tumesimama majini. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuhama.

Mimi nilikuwa nawaka. Watu wa serikali wa kupima maji walikuja, wakanyoosha kamba zao, wakaondoka, hatukuwaona tena. Wanaume wakasema ziwa hupanda na kushuka, subira huvuta heri. Heri haikuja, yalikuja maji. Vyoo vikafurika, ukaharisha mpaka macho yakaingia ndani, na bado tukaambiwa tusubiri. Nikawaambia wenzangu tuhamie mteremkoni, juu ya barabara. Mama Zawadi, jirani yangu wa chanja, akacheka.

"Tangulia wewe, Mama Neema. Sehemu yako nitakutunzia."

Wote wakaangua kicheko, maana kila mtu alijua angeitunza vipi. Nikamjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Aliyeninyamazisha ni Bibi Spesioza. Alikuwa amekalia ndoo, anachambua dagaa. Vita vilimtoa Burundi, akakaa kambini, kisha akabaki kwetu. Siku zile malori ya wakimbizi bado yalikuwa yanapita Kigoma, mengine yakienda kambini, mengine yakiwarudisha watu kwao, na kila yakipita yeye aliacha kazi akayatazama mpaka yakapotea. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu kwa lugha ya kwao, "mimi niliondoka kwetu ugali haujaiva. Vita havikunipa hata muda wa kumwita jirani tukimbie wote. Nikaamka katikati ya watu nisiowajua. Huo ndio ukimbizi. Maji haya yanapiga hodi kila asubuhi. Mna muda wa kuhama na majirani zenu, na mnautumia kutukanana?"

Akaifunga kanga vizuri, akaingia majini, akainama. Jiwe alilolitoa halikuwa lake. Lilikuwa la Mama Zawadi. Akaniwekea kichwani.

"Mpelekee mwenzio. Ukifika juu, liweke pembeni mwa lako, kama lilivyokuwa."

Mama Zawadi alinitazama nikipanda na jiwe lake. Hakucheka tena. Akaingia majini, akatoa la kwangu.

Mwanangu, natamani ungeyaona. Wanawake wa Katonga walipanda mlima na mawe kichwani, kila mmoja amebeba la jirani yake, na tukayapanga juu kama yalivyokuwa chini. Wa mwisho kwenye safu alibaki wa mwisho. Hata waliokuwa wakigombania mipaka walihama na ugomvi wao. Tukamwita mwenyekiti wa mtaa aje aone na ashuhudie, akaja akihema.

Masika yale ziwa lilizimeza chanja tupu, likaingia na kwenye nyumba. Tulisimama juu tukalitazama likifanya kazi yake kimya kimya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufanye nini ziwa zima likiwa ndilo ufa. Basi nakuambia mimi. Hama wakati maji yanapiga hodi, usingoje yavunje mlango. Panga na wenzako nani atakaa wapi kabla ya mvua, maana mtu hakatai kuhama, anakataa kupotea. Aliyekuja kupima akaondoka, mfuate ofisini umuulize. Hasira yako ipeleke huko, usimmalizie jirani.

Mungu akupe miguu mikavu, mwanangu. Akupe na shingo ngumu ya kubeba jiwe la mwenzio, na mwenzio wa kulibeba lako.