Kamba wa Nazi wa Mashangazi

Kupika najua, na kusema hivyo sioni haya. Nilijifunza ujanani kwenye kambi za wakata mikoko huko delta, ambako wanaume tulijipikia wenyewe. Hapa kwetu Dimani, kamba wa nazi ninaowapika mimi, hata mke wangu hawapatii.

Wiki iliyopita mashangazi wa kijana anayemposa binti yetu Hawa walikuja kutoka Ikwiriri. Tulishasikia kwamba wanataka mke anayejua jiko. Hawa wangu ni muuguzi hodari, lakini jikoni hapana. Mke wangu akanisihi, "Baba Hawa, pika wewe. Sisi tutasema kapika mwanao." Nikapika, kisha nikajibanza uani, nyuma ya mlango.

Niliwasikia wakila, halafu sifa zikaanza. Kichwa kikanivimba huko huko nilikojificha.

Shangazi mkubwa akauliza, "Mwanangu, tui umelifanyaje likawa tamu hivi?"

"Nilitia tui zito mwanzo, nikafunika, likachemka sana," Hawa akajibu.

Uzalendo ukanishinda.

"Lingekatika hilo!" nikapaza sauti. "Unaanza na tui jepesi! Zito linaingia mwisho, unakoroga polepole!"

Shangazi akafungua mlango, akanikuta nimejifunga kanga ya mke wangu kiunoni, upawa mkononi. Akanitazama juu hadi chini, akawageukia wenzake.

"Jamani, kumbe tumekosea mtu wa kumposa. Mpishi mwenyewe huyu hapa!"