Mlinzi wa Kimya

Mlinzi wa kambi ile walimwita Bwana Kimya, na jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Kambi ilikuwa ukingoni mwa mto, ndani ya msitu wa miti mikongwe ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki, na watu walitoka mijini kuja kulala kwenye mahema na kusikiliza maji. Miaka kumi na mmoja alisimamisha mahema, akakaza kamba, akagonga vigingi kwa nyundo aliyoivika tambara isilie. Mtoto akicheka kwa sauti, alimtokea na kidole mdomoni. Hata vyura angewanyamazisha, ila vyura hawana adabu.

Mlinzi aliyemtangulia alifukuzwa kwa sababu ya redio. Bosi hakufoka, alimpa saa moja tu afungashe. Bwana Kimya, wakati huo bado kibarua pale kambini, aliyaona hayo kwa macho yake, na tangu siku ile akawa mwoga kuliko sungura.

Mwaka huo mama yake alikuja kukaa naye kwenye chumba cha nyuma ya stoo. Kifua cha mama kilikuwa kimekwisha kwa kupuliza moto wa kuni, miaka na miaka, akipika vyakula vya kuuza ili huyu huyu mwanawe asome. Alikohoa asubuhi, akakohoa mchana.

"Mama, jitahidi kukoholea kwenye khanga."

"Nitajitahidi, baba."

Akajitahidi, masikini, mpaka macho yakamtoka. Lakini kikohozi hakifichiki, wahenga walishasema.

Siku moja mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana, alimsimamisha njiani.

"Kaka, nani yule anayekohoa?"

Swali lilikuwa hilo tu, wala hakulikunjia uso. Bwana Kimya hakusubiri la pili. Aliomba radhi mara tatu, akasema halitajirudia, akaondoka mbio kabla mgeni hajafungua tena kinywa.

Mchana huo huo alitoa stoo hema bovu, lenye zipu iliyokufa, akalisimamisha mwendo wa nusu saa kwa miguu, upande wa juu wa mto, karibu na maporomoko, mahali ambapo maji yanameza kila sauti. Hakuna aliyemtuma. Bosi alikuwa mjini, hana habari. Nasema hivi ili mtu asije akamsingizia bosi.

"Huku peke yangu, baba?" mama aliuliza, ameshika mlango wa hema usiofunga.

"Siku nne tu. Wageni wakiondoka nakufuata. Unataka nifukuzwe kazi?"

Mama hakutaka mwanawe afukuzwe kazi. Aliinama, akaingia.

Kila siku saa sita alimpelekea chakula, akakiweka chini, akarudi chapuchapu. Siku ya tatu ilinyesha, na alimkuta amekaa juu ya godoro lililolowa. Alimwambia avumilie, imebaki moja. Kambini kulikuwa shwari, na moyo wake ukatulia. Aibu hakuwa nayo, tusimpambe.

Siku ya nne yule mwanamke alikuwa anapakia mizigo garini. Akamwita, akampa chupa ya dawa ya kifua na kopo la asali.

"Mpe yule mgonjwa. Siku ile nilikuwa nauliza nimletee, ukanikimbia. Mimi ni muuguzi. Amepona? Mbona simsikii?"

Bwana Kimya alipokea kwa mikono miwili. Gari lilipoondoka alipanda mto mbio, chupa mkononi, machozi yakimtoka, akimwita mama yake kwa sauti ambayo kambi ile haijawahi kuisikia.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa hema, amekonda kwa siku nne kama aliyekaa mwezi. Alipomwona anakuja, aliivuta khanga upesi, akaubana mdomo kwa mikono yote miwili. Mabega yalimtetemeka.

"Kohoa, mama! Kohoa tu! Wameondoka. Nisamehe, mama yangu, twende nyumbani."

Mama alikimeza kikohozi mpaka kikapita. Kisha akainuka kwa heshima, akamwangalia mtoto aliyemzaa.

"Shikamoo, bosi," akasema, kwa sauti ya chini.