Akinyi Hakushtuka

Miaka tisa ya kwanza ya maisha yangu niliamini kwamba maumivu yanasikia. Dani, yaani nyanya yetu, ndiye aliyetufundisha hivyo. Alisema kuna watu wenye jicho baya. Wakikutazama ukila, kitu kinaingia mwilini na kukaa humo. Ukilia, kinajua kimepata mahali pazuri, nacho kinachimba zaidi. Kwa hiyo nyumbani kwetu, juu kidogo ya ufuo wa ziwa pale Dunga, hakuna mtoto aliyeruhusiwa kusema "naumwa". Tulisema "nimechoka".

Mdogo wangu Akinyi, aliyekuwa na miaka saba, alichoka mara nyingi mno. Macho yake yalikuwa na umanjano, vidole vyake vilivimba wakati wa mvua, na asubuhi nyingine hakuweza kuinuka. Mama alikuwa akifanya kazi ya nyumba Nakuru, akirudi Krismasi tu. Akinyi akichoka, mimi ndiye niliyechota maji zamu yake na yangu. Sitaficha: nilimchukia kwa ajili ya madumu yale.

Juma moja la mvua alilala siku tatu, mguu wa kulia ameukunja, hataki uguswe. Dani akaamua kumpima. Alikuwa na kipimo chake, na majirani walikiamini: unachanja kwa wembe mahali panapouma. Hata mdomo ukinyamaza, alisema, mwili wenye kitu ndani utaruka wenyewe. Usiporuka, hamna kitu, ni uvivu.

Mimi nilishika mabega. Dani akachanja nyonga mara tatu, akapaka dawa nyeusi. Akinyi hakushtuka. Alitazama mabati, jasho likimtoka juu ya mdomo, akivuta pumzi fupi fupi.

"Umeona?" Dani akaniambia. "Huyu hana kitu."

Leo najua kwamba wembe ule ulikuwa jambo dogo sana kwake. Ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao siku hizo hakuna mtu nyumbani aliyejua jina lake. Chembe za damu zilikuwa zimeziba mishipa ya mfupa wa nyonga, na mfupa ulikuwa ukifa taratibu. Hakuwa na nafasi ya kuhisi kuchanjwa.

Siku ya nne alishikwa na homa. Dani akambeba mgongoni hadi zahanati, mimi nikifuata na mwavuli. Daktari alikuwa kijana mpole. Alitoa karatasi iliyochorwa nyuso sita, akaiweka mbele ya Akinyi.

"Huyu wa kwanza haumwi hata kidogo. Huyu wa mwisho anaumwa mpaka analia. Wewe ni yupi hapa?"

Akinyi alimtazama Dani. Kisha akagusa uso wa pili, unaotabasamu kidogo.

Daktari aliutazama mguu wake uliokunjwa. Nadhani hakuamini. Akamtuma Dani dirishani kuchukua kadi, kisha akanigeukia.

"Wewe unalala naye?"

"Ndiyo."

"Usiku analala vizuri?"

Jibu nililijua. Usiku Akinyi alitafuna pindo la blanketi mpaka likatoboka, na mimi nilimpiga teke anyamaze. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimepanda kilima na madumu mara nne, na kwa mara ya kwanza maishani mtu mzima alikuwa akisubiri neno langu.

"Analala," nikasema. "Anajifanya tu, daktari. Hataki kuchota maji."

Akinyi alikuwa palepale kitandani, amefumba macho. Daktari aliandika kidogo, akafunga kitabu. Tulirudi nyumbani na Panadol.

Majuma mawili baadaye hakuweza kusimama kabisa. Mama alikuja kutoka Nakuru akampeleka hospitali kubwa mjini, na Akinyi akapigwa picha ya mifupa. Kichwa cha mfupa wa nyonga kilikuwa kimeanza kubomoka. Daktari wa huko akauliza kwa nini tulichelewa hivyo. Mama akamgeukia Dani. Dani akatazama sakafu. Mimi nilitoka nje, na hakuna aliyeniita.

Mama hakumsamehe Dani. Kila aliporudi nyumbani katika miaka sita, mpaka Dani alipozikwa, hakula tena chakula alichopika Dani. Nami nilikaa kati yao mezani, nikala.

Sasa mimi ni muuguzi wa wadi ya watoto. Nawauliza wanaumwa kiasi gani, lakini majibu yao siyaandiki upesi. Naangalia mikono imekamata nini, pumzi inakwendaje, chakula kimeguswa au la. Namwomba mzazi atoke kidogo, nauliza tena. Wenzangu husema nina jicho la kazi. Sijawahi kuwaambia nililitoa wapi. Kuhusu nyonga, madaktari wamenieleza kwamba pengine isingeokoka hata ningesema kweli. Lakini majuma mawili yale bila dawa ya maana nilimpa mimi.

Akinyi anatembea kwa mkongojo. Anauza omena, dagaa wa ziwani, palepale Dunga, ana watoto wawili. Mwaka jana nilikwenda nikaketi kando ya meza yake, nikamwambia yote niliyomwambia daktari yule.

Hakuacha kupima omena.

"Nilikusikia," akasema. "Nilifumba macho tu, sikuwa nimekufa."

"Mbona miaka yote hii hukusema?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Dani akiwa bado hai, asibebe lawama peke yake."

Nilianza kulia. Akanitazama kwa utulivu, kama mtu anayeangalia mvua ya ng'ambo ya ziwa.

"Sasa umesema. Umepata nafuu?"

"Kidogo."

"Haya," akasema. "Mimi bado."

Mteja akaja, Akinyi akamgeukia na kumchangamkia. Nilikaa hapo mpaka jua likawa kali, nikitumaini ataniongezea neno, na polepole nikaelewa kwamba nilikuwa nimekwenda kuchukua kwake kitu kingine tena.