Mti Gani

Mimi hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Hiyo nimeisema kwa mdomo wangu mbele ya watu, ofisini kwangu Clairwood, na ninairudia hapa ili mjue ni mtu wa namna gani anayewaandikia. Niliingia Durban na ndala, moja imefungwa kwa waya. Nikaanza Glenwood, kulinda magari ya wanafunzi, wananitupia sarafu bila kuniangalia usoni. Leo baadhi yao wanakuja kununua gari kwangu, na sasa mimi ndiye nisiyewaangalia. Magari yanatoka Japani, yanashuka bandarini, yanaingia kwenye yadi yangu, halafu madereva wangu wanayapandisha mpaka Lubumbashi. Shule sikumaliza hata primeri. Lakini waliomaliza wananiita PDG, yaani mkubwa wa kampuni, na wakiniita hivyo ninaitika.

Mwaka 2008 watu walipowageukia wageni, meza yangu ya simu ilichomwa pale karibu na Warwick. Wenzangu walilia. Mimi nilifagia majivu nikaweka meza nyingine palepale. Nilikuwa nimekwisha kuona vita ya kweli, ile ya mabomu. Moto wa meza ungenifanya nini?

Kwa hiyo mwaka 2013, nilipoalikwa Japani kuangalia minada ya magari, nilimwambia mke wangu wa sasa, Mama Grâce, kwamba nitaangalia, nitalipa, nitarudi. Nilifikia mji unaoitwa Sendai. Aliyenipokea ni Hamisi, Mtanzania wa Tanga aliyeoa huko, ambaye kazi yake ni kututafsiria sisi wanunuzi na kula kamisheni yake kidogo. Kijana mzuri, lakini ana mdomo.

"Kaka," aliniambia siku ya kwanza, "hicho Kiswahili chako kimepita jeshini?"

"Kimepita," nikamjibu. "Chako je, kimelelewa na bibi?"

Akacheka mpaka akasimamisha gari.

Siku ya mwisho, asubuhi, akasema haiwezekani nije mpaka huko nione injini tu. Akanipeleka kwenye boulevard yao, barabara pana ya katikati ya mji. Niseme ukweli: ilikuwa nzuri. Miti mirefu, safu juu ya safu, imeshikana matawi juu kabisa kama watu wanaosalimiana, na magari yanapita chini yake kwenye kivuli cha kijani. Katikati iko njia ya watu, na viti. Mama mmoja mzee alikuwa anafagia majani machache tu, moja moja, kama anaokota sindano.

"Kwetu Kalemie tulikuwa na avenyu kama hii," nikamwambia Hamisi. "Na yetu ilikuwa na maua mekundu."

"Kwenu kila kitu mlikuwa nacho."

"Tulikuwa nacho."

"Hapa pia palikuwa na vita, unajua? Zamani hizo. Mji uliungua wote. Miti hii imepandwa baadaye."

Nikaangalia ile miti tena.

Kisha Hamisi akakumbuka kwamba lazima aende kuchukua karatasi za magari yangu kwa wakala, mtaa wa pili. Akasema nimsubiri nikizungukazunguka, na tukipotezana tukutane kwenye mti.

"Mti gani?" nikamwuliza. "Miti yote hii ina sura moja."

"Huu hapa, namba arobaini na tatu. Si unaona kibati?"

Nikaangalia. Juu ya shina, usawa wa macho yangu, kulikuwa na kibati kidogo, kimefungwa kwa waya, kimeandikwa namba. Nikaangalia mti wa pili. Nao una kibati. Na wa tatu. Kila mti wa boulevard ile una namba yake.

Nilikaa kwenye kiti. Mimi, PDG, niliyekuja na suti. Nililia kwa sauti, na yule mama mzee akaacha kufagia.

Hamisi akarudi mbio. "Kaka, nini? Moyo? Niite ambulensi?"

"Bibi yangu," nikasema. "Bibi yangu alifia kwenye avenyu."

Akakaa karibu yangu, akanishika bega kwa heshima. "Pole sana, kaka. Alikuwa mzee sana?"

"Alikuwa na miaka ishirini na minne."

Akanitazama kama mtu aliyepotelewa na hesabu. Kwao bibi ni mama wa mama yako. Kwetu Kongo, bibi yako ni mke wako. Nikaona akielewa, uso wake ukabadilika, na mdomo wake wote ule ukaisha. Kwa hiyo nikamweleza. Ninyi pia ninawaeleza.

Ilikuwa Jumamosi ya salongo. Salongo ni ile kazi ya lazima kwa kila mtu, kusafisha mji. Chef, yaani mkubwa wa avenyu yetu, alikuwa amegawa miti: kila nyumba na mti wake, uupake shina chokaa mpaka usawa wa kiuno, avenyu iwe safi wakubwa wakipita. Sisi tulipewa flamboyant moja, ile miti ya maua mekundu, kule chini, karibu na stesheni ya treni. Mimi nilichanganya chokaa, na bibi yangu, Riziki, akapaka. Alikuwa na brashi ya majani. Alipaka vizuri kuliko wote, na mimi nilitembea avenyu nzima nikiwaambia majirani waje waone mti unavyopakwa. Riziki akaniita:

"Papa kelele! Rudisha ndoo, maneno hayapaki mti!"

Watu walicheka. Hata mimi. Siku hiyo hakuna aliyezungumzia vita, ingawa redio ilikuwa inasema.

Lakini lazima mjue kwamba ule haukuwa mti wetu wa kwanza. Kule juu, karibu na kanisa, iko flamboyant nyingine, ambako zamani niliweka chupa zangu za mafuta. Nilikuwa nauza petroli ya taa kwa kipimo. Riziki alikuja kununua akiwa bado kwa mama yake, nami nikimwona ninajaza kipimo mpaka kinamwagika. Mama yake akaanza kushangaa taa ya nyumba haizimiki. Mambo yetu yote yalianzia pale, na wakati wa uchumba nikitaka kumwona ninamwambia tu, njoo kwenye mti wetu.

Wiki ile ya chokaa, neno hilo likapata mti mwingine. Chef alikuwa anapita anapiga kelele, mti wenu uko wapi, mti wenu umekauka chokaa? Mimi nikajibu, mti wetu uko sawa, chef. Mti wetu, mti wetu. Wiki nzima ndivyo nilivyosema.

Mabomu yalianza asubuhi, tukiwa tunakunywa chai. La kwanza lilianguka ziwani. Watu wakatoka nje kuangalia maji, kama wanaangalia samaki mkubwa. La pili halikuanguka ziwani.

Nikamwambia Riziki nitakimbia chini kutafuta nafasi kwenye mtumbwi wa kwenda Kigoma, kwa sababu nilikuwa ninawajua wenye mitumbwi, na nani hakuwa ananijua mimi? Yeye afunge nguo na unga, atoke.

"Tutakutana wapi?" akauliza.

"Kwenye mti wetu."

"Sawa," akasema. Alikuwa anafunga kitenge. Hakuuliza mti gani, na kwa nini angeuliza? Kila mmoja wetu alikuwa anajua.

Nafasi nilipata. Nikakimbia mpaka stesheni, nikasimama kwenye mti wetu mweupe. Watu walikuwa wanashuka na magodoro, na mbuzi, na mashine za kushona. Riziki hayumo. Nikasema ni mwanamke, anafunga vitu vingi. Nikasema anamtafuta mama yake. Jua likapanda. Askari wakaja wakaweka baria katikati ya avenyu, gogo moja na mapipa, na watu wa juu wakaanza kuwa wachache.

Akapita jirani yetu, Mama Chantal, amebeba sufuria kichwani.

"Umemwona Riziki?"

"Nimemwona! Iko kwenye mti, anakungoja!"

"Mti gani?"

"Mti! Miti ni mingi, mimi najua yenu?"

Akaenda. Nikabaki nimeshika shina. Halafu nikajua.

Nikakimbia kupanda.

Kwenye baria askari mmoja, mdogo kuliko mimi, akanisimamisha na bunduki kifuani.

"Unaenda wapi, wenzako wanashuka?"

"Kwa bibi yangu, afande. Iko pale kwenye mti."

Akageuka akaangalia avenyu, miti yote ile imevaa nyeupe. Akacheka.

"Bibi yako anaota kwenye mti?"

Wenzake wakacheka pia. Nikawapa saa yangu. Nikawapa viatu. Waliniangalia tu, wakavichukua.

Kisha likaja.

Hatukulisikia likipita. Lilipiga juu, upande wa kanisa.

Gogo halikuwa na mlinzi tena. Nikaruka.

Nilipita miti mmoja mmoja. Mingine ilikuwa imesimama, mingine imepasuka katikati, na maua mekundu yalikuwa yamemwagika barabarani kila mahali, nikashindwa kutofautisha maua na vitu vingine.

Riziki alikuwa ameketi, mgongo kwenye shina, miguu imenyooka, mzigo wa kitenge pembeni. Kwa mbali nilifikiri amechoka. Nilimwita. Nilikuwa bado nina hasira naye kidogo, hiyo ninaikumbuka, kwamba ameketi tu huku mimi nimemngoja.

Nilipombeba ndipo nilipoona mgongo. Nguo yake yote ya nyuma, kutoka shingoni mpaka kiunoni, ilikuwa nyeupe. Chokaa ya watu wa nyumba nyingine, waliopewa mti ule. Chokaa ikikauka haishiki nguo kwa kuegemea mara moja. Lazima ukae. Lazima uegemee, usimame, uangalie njia, uegemee tena. Alikuwa amenisubiri sana.

Tulimzika palepale nyuma ya kanisa, mimi na mlinzi wa kanisa, na ile nguo. Nafasi ya mtumbwi akaichukua mtu mwingine. Mimi niliondoka kwa miguu, na kutoka pale mpaka Durban ni hadithi ya kwenda tu, kila mtu wa kwetu anayo, siirudii.

Hayo ndiyo nilimwambia Hamisi. Hakusema kitu cha Kiswahili kizuri. Alisema tu, "Bibi yako," kwa namna yetu. Yule mama mzee alikuja akaniwekea karibu chupa ya chai baridi, akainama, akarudi kwenye majani yake.

Miaka yote ile nilikuwa nimelaumu bomu. Nililaumu askari, nikamlaumu chef na salongo yake. Nilijiambia ilikuwa vita, na vita ni kitu kikubwa, kama mvua, hakiulizi mtu. Ndiyo maana niliweza kusema hakuna kinachonishangaza. Lakini pale Sendai niliona kwamba kati yangu na Riziki hakikukosekana kitu kikubwa. Si ndege, si jeshi, si pesa. Kilikosekana kibati. Watu fulani, katika mji uliowahi kuungua wote, walipanda miti na wakafikiri: huenda siku moja mtu atataka kumwambia mwenzake ni mti gani.

Niliporudi Durban nilimpigia simu shemeji yangu, kaka ya Riziki, aliyebaki Kalemie. Nikamwuliza kama miti iko. Akasema karibu yote imekatwa kuchomwa makala ya kupikia wakati wa njaa.

"Na ule wa kanisani?"

"Ule umekatwa. Lakini shina iko, shemeji, na inachipua. Mbuzi wanaikula, inachipua tena. Kwa nini unauliza?"

Nikamwambia awekee fito, mbuzi wasifike. Akasema atafanya. Hakuuliza mara ya pili.

Mjini, karibu na Warwick, iko mzee mmoja Mhindi mwenye kibanda cha kuchonga funguo na kuandika majina ya mbwa kwenye bati. Nilipaki gari mbali, nikaenda kwa miguu. Nikamwelekeza kwa mkono ukubwa ninaoutaka, kama kiberiti. Akauliza kwa Kiingereza niandikiwe jina gani. Nikasema hakuna jina, namba tu. Akauliza namba gani. Nilikuwa sijaifikiria. Nikasimama pale, watu wa taksi wananisukuma wapite, mpaka akauliza tena.

"Moja," nikasema.

Akapiga namba, akatoboa tundu mbili, akapitisha waya ajaribu, akaukunja vizuri usichome mkono. Dereva wangu wa Lubumbashi alikipeleka mpaka Kalemie kikiwa ndani ya bahasha, na shemeji amekifunga kwenye tawi changa, kwa kulegeza, ili mti ukinenepa usikatwe.

Kibati, tundu, na waya wake: rand arobaini na tano.